Simu ya Kukunja Mbele ya Warina Asali

Machakos mjini,
Jumatano jioni.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na ninaomba salamu hizi zikukute umeketi. Ukiwa umesimama jikoni, tafadhali vuta kigoda kwanza, kwa kuwa barua hii ni ndefu, ina mahali pa kucheka na mahali pa kushika kifua. Goti lako la kulia linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka uliyopewa hospitali bado unaitumia, ama umeshampa Baba aipake mgongoni? Naye Baba hajambo? Na ng'ombe, ameacha kurusha teke wakati wa kukamuliwa? Mdogo wangu Ndanu aliniambia kwamba mbaazi za upande wa chini zimeweka maua vizuri, nikafurahi sana. Mimi ni mzima wa afya. Ninakula vizuri, na lile sweta ninalivaa kila asubuhi kama ulivyoagiza, hata siku ambazo hakuna baridi.

Najua utakalomuuliza Onesmus wa bodaboda akikupa bahasha hii. Utamuuliza kwa nini mtoto aliye na simu anaandika barua kama watu wa zamani. Mwaitu, usikasirike, lakini wewe simu huipokei, huitangaza. Huiweka kwenye kipaza sauti, ukaishika mbali na uso kama mtu aliyeshika kuku mwenye viroboto, na kabla hujajibu, Mama Mwanzia ameshajibu kutoka upande wa pili wa ua. Habari za leo nataka ziwe zako peke yako kwanza. Ukishazisoma utaamua mwenyewe kama utamwambia Mama Mwanzia. Ninajua utamwambia.

Unakumbuka kwamba miezi yangu ya majaribio katika ofisi ya Chama cha Warina Asali inakwisha mwezi huu. Madam Syokau, meneja wetu, ndiye anayeamua kama karani atathibitishwa kazini au ataambiwa asante na kwaheri. Karani aliyekuwa kabla yangu aliambiwa asante na kwaheri. Kwa hiyo tangu mwezi uanze nimekuwa nikitembea ofisini kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Carol, dada wa mapokezi, hunicheka waziwazi. Husema kwamba mimi hata mlango nauomba ruhusa. Si uongo. Siku moja nilibisha hodi kwenye stoo, na ndani ya stoo hamna kitu ila mizinga mitupu. Carol akaniitikia kwa sauti nzito kutoka mezani kwake, karibu ndani, nikasema asante.

Sasa nikueleze jinsi simu ilivyoingia katika maisha yangu. Chama kimeamua kwamba kila kiongozi wa kikundi apewe simu moja, ili mtu akiona mzinga umeingiliwa na wadudu aupige picha na kuituma ofisini, asingoje mpaka apate safari ya mjini. Wengi wa viongozi hao ni wazee, na simu za kugusa kioo zimewashinda. Mzee Wathome, yule wa hapo kwetu Kola mwenye mizinga juu ya mto, alisema kidole chake kimekuwa kigumu kwa jembe hata kioo hakimtambui tena kuwa ni mtu. Basi muuzaji mmoja wa hapa mjini akatuletea simu ya kukunja, tuijaribu kabla ya kukubaliana.

Madam Syokau alipoiona, uso wake ulibadilika. Alituambia kwamba alikuwa na simu ya namna ile alipokuwa msichana chuoni, na kwamba siku hizo ukimaliza kugombana na mtu uliifunga kwa mkono mmoja, pap, na ugomvi umekwisha, hakuna wa kukurudia. Akaifungua na kuifunga, pap, pap, akicheka peke yake. Mimi na Carol tulitazamana, kwa maana hatukuwa tumewahi kuyaona meno ya Madam. Kisha akanikabidhi. Alisema nitembee nayo, niichunguze kila upande, halafu siku ya mkutano wa viongozi nisimame niwaeleze mazuri yake na mabaya yake. Alipofika mlangoni aligeuka akasema ana hakika mabaya hayatakuwa mengi.

Maneno hayo ya mlangoni ndiyo yaliyoninyima raha.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo na ni haki kuyataja. Ikiwa imekunjwa inaingia kwenye kiganja kama kipande cha sabuni. Vibonye vyake ni vikubwa, na namba zimeandikwa kwa wino mnene, kiasi kwamba Baba angezisoma bila kuomba miwani yako. Betri yake ni mvumilivu. Nimeichaji, nikasahau kwamba simu huchajiwa, nikaja kukumbushwa na Carol. Ina redio isiyohitaji waya wa masikioni, na inashika vizuri stesheni zetu za Kikamba. Ina tochi kichwani. Inapiga picha, inachukua video, inacheza muziki, inarekodi sauti, na ukitaka inarekodi simu zote unazopiga na unazopokea bila kuiambia kila mara. Spika yake iko mgongoni na ina nguvu za ajabu. Jumamosi moja niliwawekea wapangaji wenzangu nyimbo za kwaya nikiwa nafua nguo, na mama mwenye nyumba akatoka akidhani mchungaji amekuja kumtembelea.

Mabaya nilianza kuyaona taratibu, na kila nilipoliona moja nilitamani nisingeliona.

La kwanza ni kwamba kwa nje simu hii haionyeshi anayepiga. Inaonyesha saa tu. Ili ujue ni nani ni lazima uifungue, na ukiifungua umeshapokea. Hilo sikulijua. Siku ya kwanza iliita nikiwa na Carol tunakunywa chai, nikaifungua nione ni nani, huku nikimwambia Carol kwamba kama ni Madam, aseme niko msalani. Sauti ikatoka ndani ya simu, tulivu kabisa, ikaniambia kwamba nikitoka huko msalani nimpelekee faili ya mizinga ya Tala. Carol alitemea chai dirishani. Mimi nilipeleka faili ile nikiwa natembea kwa upande kama kaa. Madam aliipokea bila kuinua macho, akauliza tu kama nimenawa mikono.

La pili ni kamera. Niliipeleka kwenye mzinga mmoja karibu na mji nikapiga picha ya nyuki. Tulipoitazama ofisini, Madam aliisifu picha. Lakini Carol aliuliza ni nani aliyemwaga pilipili manga kwenye ubao. Kukiwa na ugonjwa wa nyuki, Mwaitu, utautambuaje kwenye pilipili manga?

La tatu ndilo kubwa, na hapo nina hatia kidogo. Mzee Wathome aliomba akae na simu siku moja, aizoee. Nikampa. Unajua sharti lake: mzingani hapaitwi mtu kwa jina, hapapigwi mluzi, hapasemwi kwa sauti. Wewe mwenyewe hutuambia kwamba akiwa mtini hata akichomwa na mwiba hukohoa tu. Sasa mimi, kwa wasiwasi wangu, nikawaza kwamba huenda simu imemsumbua, nikaona nimpigie nimuulize. Nikampigia alasiri. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na yeye alikuwa juu ya mti, uso mbele ya mlango wa mzinga. Ikaita kwa ule wimbo wake wa ngoma, na huku ikitetemeka kifuani mwake. Nyuki wakatoka kuuliza ni nani. Wajukuu zake wanasema hawajui babu alishukaje, waliona yuko juu, kisha wakaona yuko mtoni.

Alinirudishia simu kesho yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Bawaba ilikuwa imejaa asali na ile gundi ya nyuki, inafunguka nusu na kukwama kama mlango wa kabati lililovimba kwa mvua. Sikio lake moja lilikuwa limekuwa kubwa kuliko jingine. Nilitaka kupiga magoti. Yeye akanishika bega akasema, "Kijana, simu yako ni nzuri, mimi sina neno nayo. Ni nyuki ndio hawajaipenda." Nilipomuuliza kama ingesaidia kuizima sauti, alisema kwamba mtetemo nyuki huuchukia zaidi, kwa kuwa huona kama mzinga unachezewa na mnyama.

Basi nikatoa betri, nikaisafisha bawaba kwa kijiti cha meno na maji ya moto mpaka ikalainika. Hapo ndipo lilipozaliwa la nne, ingawa nililigundua nikiwa nimechelewa, kama utakavyosikia. Simu hii ikitolewa betri husahau mipangilio yake, ikajipangia upya inavyotaka. Ilivyotoka kwa muuzaji, ukiifunga katikati ya mazungumzo haikati simu. Unadhani umemaliza, kumbe bado uko hewani. Mimi nilikuwa nimeirekebisha ikate. Ilipotolewa betri ikasahau kukata, na papo hapo ikawasha ile kazi ya kurekodi simu zote.

Kwa hiyo kabla ya mkutano nilikuwa nimeshajua ukweli. Kwa mwalimu mstaafu au mama wa dukani hii ni simu tamu. Kwa mtu anayepanda mti kukutana na nyuki, mwenye vidole vya asali, haifai. Lakini kila asubuhi Madam alipopita mezani kwangu aliuliza simu yetu inaendeleaje. Si "simu hiyo", Mwaitu. Yetu. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia, halafu nawaza yule karani wa asante na kwaheri, na mdomo unasema inaendelea vizuri, Madam. Naye hufurahi, akaenda zake. Nikaketi nikaandika hotuba ya mkutano. Nitaifikia hotuba hiyo, usiniharakishe.

Mkutano ulikuwa jana katika ukumbi wa kanisa. Viongozi walitoka kote, Kola, Tala, Kangundo, na kila mmoja alivaa koti. Uliponipigia asubuhi kwenye simu hii ya kukunja nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwahesabu watu kwa macho na kutamani wapungue. Uliniuliza kama nimekula, ukaniambia nisimame wima, nisiongee nikitazama viatu. Nikiwa nakusikiliza nikamwona Madam anakuja moja kwa moja kwangu, nikaifunga simu bila kukuaga vizuri. Unisamehe kwa hilo. Nikaitia mfukoni nikijua nimekata.

Madam alifungua mkutano kwa maombi, akasema maneno machache, halafu akaniita kijana wetu Mbithi. Miguu yangu ilinifikisha mbele, sijui kwa njia gani. Nilianza na mazuri, kama nilivyofanya katika barua hii. Nikawasha tochi, wakatikisa vichwa. Nikawasha redio, wazee wawili wakaitikia tangazo la mbolea. Nikawaonyesha vibonye, na mama mmoja wa Tala akasema hivyo hata yeye akiwa usingizini atavipata. Madam alikuwa ameketi kando akitabasamu, mikono imekunjwa, na mimi nikaanza kuamini kwamba nitapona.

Halafu nikafika kwenye kurekodi sauti. Nilikuwa nimerekodi mvumo wa nyuki wa ule mzinga wa karibu na mji, ili niwaonyeshe kwamba mtu anaweza kututumia sauti ya mzinga nasi tukajua kama una malkia. Nilikuwa na hakika ni rekodi ya kwanza kwenye orodha. Sikujua kwamba rekodi mpya hujiweka juu ya ile ya zamani. Nikabonyeza, nikaiinua simu juu ili spika iwaelekee.

Ukumbi mzima ukasikia, "Mbithi, umekula?"

Mwaitu, nilikuambia uketi.

Walicheka kwa furaha, wala si kwa ubaya. Mzee mmoja wa nyuma aliitikia kwamba hajala, anaonekana. Nikaifunga simu haraka ili inyamaze. Haikunyamaza. Hilo ni baya la tano na sikuwa nimelijua: rekodi ikishaanza kucheza, ukiifunga simu inaendelea, na kwa kuwa spika iko mgongoni, ikifungwa ndipo inapopata nafasi ya kusema. Nikajaribu kuifungua tena, na bawaba ikakwama. Nimesimama mbele ya warina asali wa Machakos nimeshika kipande cha sabuni kinachosema kwa sauti ya mama yangu nivae sweta.

Nilidhani itaishia pale nilipokukatia. Lakini sikuwa nimekata, na kwa kuwa wewe huikati simu ukisubiri mwenzako akate, ilikuwa imeendelea kurekodi mfukoni mwangu. Kwanza ikasikika sauti ya Mama Mwanzia akiuliza kama nimeondoka. Ukasema nimeondoka, na kwamba siku hizi naondoka bila kuaga kama mbuzi. Akauliza kama kweli nitaweza kusimama mbele ya watu wazima, mimi niliyekuwa nikimkimbia jogoo wake. Hapo mimi mwenyewe niliacha kuhangaika na bawaba. Nilitaka kusikia utakavyonijibia.

Ulisema hivi, na ninayakumbuka yote: "Mbithi ni mwoga, hilo nani asiyelijua? Jogoo wako alimkimbiza mpaka alipokuwa darasa la sita. Lakini mdomo wake haujui uongo. Akivunja kitu, yeye ndiye huja kuniambia, analia, lakini anasema. Huyo mama meneja wao, ningemkuta ningemwambia neno moja tu: usimuulize Mbithi kitu kama hutaki jibu."

Mama Mwanzia akasema kwamba amesikia meneja huyo ni mkali sana. Nawe ukasema, "Mkali namna gani? Mimi nimekaa na mama mkwe kwenye boma moja mpaka nywele zikawa nyeupe. Mkali ni nani?" Kisha ukamwita kuku, kisha salio lako likaisha.

Ukumbi ulikuwa umevunjika mbavu kwa kicheko. Mama wa Tala alikuwa anapangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. Watu walipiga makofi, na mwingine akauliza huyo mama ni wa wapi, achaguliwe kuwa mwenyekiti. Mimi nilimtazama Madam Syokau. Alikuwa hacheki. Alikuwa ameelekeza macho yake kwangu, wala sikuweza kujua yanasema nini.

Mzee Wathome, aliyekuwa mstari wa mbele na sikio lake, akanyanyua mkono watu wanyamaze. Akasema, "Haya, kijana. Mama yako tumemsikia, na mimi ni jirani yake, najua hasemi ovyo. Sasa sisi ndio tunaokuuliza. Simu hii inatufaa, ama haitufai?"

Nilitia mkono mfukoni, nikaigusa karatasi ya hotuba, nikauacha mkono humo humo. Nikasema haitufai. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikawaeleza yote: kufungua ambako ni kupokea, kufunga ambako si kukata, bawaba na gundi, picha za pilipili manga, betri na mipangilio inayosahaulika. Nilipofika kwenye kuita mtini, Mzee Wathome aligeuza kichwa polepole ili watu walione sikio, na hakukuwa na haja ya mimi kuendelea. Nikamaliza kwa kusema kwamba kwa anayeuza asali sokoni, asiyepanda mti, ni simu nzuri kabisa, na kwamba mama wa Tala asikatazwe kuipenda. Halafu nikaketi.

Viongozi walizungumza kwa muda mrefu. Wakakubaliana kwamba watafutiwe simu za kawaida za vibonye, zisizokunjwa, zenye kamera iliyo bora, na kwamba kabla hazijachukuliwa zijaribiwe mtini, na mwenye kuzijaribu awe mtu mwingine, si Mzee Wathome. Wakafunga kwa maombi. Kila aliyetoka alinishika mkono akaniambia nikusalimie. Kwa hiyo nakusalimia kutoka kwao wote.

Ukumbi ulipobaki mtupu Madam akaniita. Nilikwenda nikijua ninaitiwa asante na kwaheri. Aliniuliza nilikuwa nimeshika nini mfukoni wakati Mzee Wathome ananiuliza. Nikasema ni karatasi. Akanyoosha mkono.

Na hapa ndipo mahali pa kushika kifua, Mwaitu. Karatasi ile ilikuwa hotuba yangu, na hotuba yangu ilikuwa ya uongo. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba nimeichunguza simu hii kwa makini na sikuipata na kasoro yoyote. Niliandika kwamba inamfaa mrina asali kuliko simu nyingine yoyote. Niliyaandika hayo baada ya kuliona sikio la Mzee Wathome kwa macho yangu. Wakati wewe unamwapia Mama Mwanzia kwamba mdomo wangu haujui uongo, uongo ulikuwa umeshakunjwa mfukoni mwangu, karibu na simu iliyokuwa inakusikiliza. Nilikuwa nangoja tu zamu yangu niusome. Kama nyuki wangesikika badala yako, ningeusoma.

Madam alisoma karatasi mpaka mwisho. Akaniuliza kama niliiandika kwa sababu yake. Nikasema ndiyo, Madam. Akasema kwamba tangu apewe kiti kile, watu humwambia anachokipenda, na kwamba ilimchukua muda kugundua kwamba anaongoza chama akiwa hajui chochote kinachoendelea ndani yake. Akaikunja karatasi, akanirudishia. Aliniuliza kama mama yangu anajua kuihusu. Nikasema hajui. Akasema, "Basi kwangu hataisikia. Hilo ni lako."

Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuagiza faili, kwamba nimethibitishwa kazini kuanzia mwanzo wa mwezi ujao, na kwamba kuanzia sasa kila kitu ambacho chama kinataka kutumia, kiwe mizani au mavazi ya kurinia, kitapitia kwangu kwanza, kwa kuwa mwoga husoma maagizo yote. Sikujua kama nishukuru kwa yote mawili. Nilishukuru.

Nimethibitishwa, Mwaitu. Soma tena mstari huo, nami nimeuandika mara moja tu ili usidhani ninajisifu.

Lakini jambo halijaisha. Madam anataka kuja Kola Jumamosi hii, amsalimie mama aliyesema atamwambia neno moja. Atakuja na Carol, na mimi nitawaonyesha njia. Amesema asiandaliwe makubwa. Ameomba muthokoi wako wa mahindi na maharagwe, na kama kuna kikombe cha maziwa ya ng'ombe yule wa mateke, atashukuru.

Nilipofika chumbani jana nilifurahi mpaka nikaimba, halafu furaha ikaniganda. Nilikuona Jumamosi umevaa ile leso yako ya sherehe, unamkaribisha Madam, unamwambia tena kwamba mtoto wako hajui uongo, naye Madam anaitikia kwa adabu huku anajua, na mimi nimeketi kati yenu nikitazama viatu. Ningeweza kunyamaza. Madam hatasema, na karatasi ningeweza kuichoma kwenye jiko. Nimeshindwa kuichoma. Umesema nikivunja kitu mimi ndiye huja kukuambia, basi nimekuja. Uongo niliuandika. Sikuusema, lakini ni wewe uliyenizuia, bila kujua, na ukiwa unaita kuku.

Kwa hiyo Jumamosi ukitaka kunisifu mbele ya wageni, nisifu kwa kipimo. Na ukitaka kunigombeza, nakuomba unigombeze kabla Carol hajashuka kwenye pikipiki, kwa maana yeye atalisimulia mpaka nistaafu.

Mpe Baba habari hizi kwa njia utakayoona inafaa. Mwambie Ndanu asome kwa bidii, na mbaazi zikikomaa aniwekee. Mzee Wathome ukimkuta njiani mpe pole tena ya sikio, na umwambie sitampigia alasiri hata siku moja. Mama Mwanzia msalimie kwa upole, halafu umjulishe, kabla hajasikia kwa watu, kwamba naye amesikika Tala na Kangundo. Mungu awalinde nyote, alilainishe goti lako, na awape usingizi mwema.

Ni mimi mwanao ninayekuogopa na kukupenda,

Mbithi

Nyongeza: Onesmus atasubiri jibu. Usiandike kirefu. Niambie tu kama Jumamosi nitakula mezani pamoja na wageni, ama nitapewa sahani yangu jikoni.